Kopo la Pringles lilipata sifa, kopo la mchuzi likafanya kazi

Mwaka 2001 kadi za Wi-Fi za aina ya 802.11b zilikuwa zimeanza kushuka bei, na kuanzia Seattle hadi New York na London kulikuwa na vikundi vya watu waliotaka kurusha intaneti kutoka paa moja hadi jingine bila kununua antena za dukani. Katikati ya mwaka huo Rob Flickenger akachapisha mtandaoni maelezo ya kutengeneza antena kwa kopo la viazi vya Pringles, kwa vifaa visivyofika dola 10. Habari ikasambaa kama moto wa nyika. Hadi leo ukitaja antena ya kopo, mtu atakujibu, "Ah, ile ya Pringles."

Kumbe kati ya makopo ya jikoni, hilo ni la kuepuka. Halikuchaguliwa na hesabu, lilichaguliwa na umbo lake refu na jina lake la kuchekesha. Mwaka 2002 Gregory Rehm alizipanga antena kadhaa za kienyeji akazipima moja baada ya nyingine, na kopo la bati lililokuwa na mchuzi wa nyama likaiacha mbali ile ya Pringles. Sababu yake inapimika kwa rula, na ndiyo inayoamua kama kopo utakalookota leo litafaa au litakupotezea Jumamosi yako.

Kwanza tumtendee haki Flickenger. Muundo wake haukuwa kopo tupu. Ndani alipitisha fito nyembamba ya chuma yenye uzi wa skrubu, akapanga juu yake washa tano za inchi 1 (visahani vya chuma vyenye tundu katikati), na kati ya washa na washa akaweka kipande cha bomba la alumini cha milimita 30 hivi, yaani robo ya urefu wa wimbi la Wi-Fi. Ile fito na washa zake ndizo zilizokusanya mawimbi, kwa kanuni ileile ya antena ya televisheni yenye vijiti vingi sambamba. Kopo lilikuwa nyumba tu, pamoja na kitako cha kurudisha mawimbi. Walioiga wakaona fito ni usumbufu, wakaitoa, wakabakiza kijiti kimoja cha shaba ubavuni mwa kopo. Hapo ndipo kopo lenyewe linapogeuka kuwa antena, na kipenyo chake kinaanza kudai haki yake.

Wimbi lina kizingiti

Wi-Fi ya gigahezi 2.4 ina wimbi la urefu wa milimita 123 hivi. Gawanya 299.8 kwa 2.442, ambayo ni katikati ya bendi, unapata milimita 122.8. Wimbi hilo likiingia ndani ya bomba la chuma halisafiri kama lilivyokuwa hewani. Bomba likiwa jembamba mno, wimbi linafifia sentimita chache tu kutoka lilipoanzia na halitoki upande wa pili. Kila kipenyo kina kizingiti chake cha masafa: chini yake hakipiti kitu, juu yake wimbi linapita.

Hesabu ya kizingiti ni fupi. Zidisha kipenyo cha ndani cha kopo kwa 1.706, jibu ndilo wimbi refu kuliko yote linaloweza kupita. Kopo la soda lina kipenyo cha milimita 66, kwa hiyo linapitisha mawimbi yasiyozidi milimita 112.6, sawa na gigahezi 2.66 kwenda juu. Wi-Fi iko chini ya hapo. Kopo la soda ni mlango uliofungwa, na hakuna namna ya kuweka kijiti itakayoufungua.

Sasa lete la Pringles. Kwa ndani ni milimita 73 hivi. Kizingiti chake kinaangukia kwenye gigahezi 2.407. Chaneli ya 1 ya Wi-Fi ina kitovu 2.412 na inatandaa kutoka 2.401 hadi 2.423. Maana yake sehemu ya chini ya chaneli hiyo inagonga kizingiti, na iliyobaki inapita kwa kujibana. Ongeza kwamba kopo lenyewe si bati, ni karatasi ngumu iliyobandikwa utando mwembamba wa alumini ndani, na utando huo unapochubuka penye tundu la soketi, soketi haina pa kushika. Kopo la kawaida la nyanya au maharage la gramu 400 nalo ni la milimita 73. Usidanganyike na bati lake, ni ndugu wa Pringles.

Upande wa juu nao una mpaka. Kopo likizidi milimita 92 hivi, linaruhusu namna ya pili ya wimbi kusafiri sambamba na ya kwanza. Hiyo ya pili haina nguvu katikati, imesambaa pembeni, kwa hiyo sehemu ya umeme wako inaondoka kuelekea kusikotakiwa. Kopo la milimita 99 liko hapo; bado litafanya kazi, ila halitakuwa na makali. Kwa ufupi, tafuta kopo la kati ya milimita 76 na 91. Viwanda vya makopo vina saizi zao za kudumu, na baada ya 73 inayofuata sana madukani ni 83. Hiyo ndiyo ya kuwinda. Makopo mengi ya maziwa ya unga ni mapana zaidi, kwa hiyo nenda dukani na rula, wala usione haya.

Kijiti kikae wapi

Ndani ya kopo wimbi linarefuka. Kadiri kopo linavyokaribia kizingiti, ndivyo wimbi linavyozidi kurefuka. Kijiti cha shaba kinatakiwa kukaa robo ya wimbi hilo refu kutoka kwenye kitako, ili nguvu inayorudi kutoka kitakoni iungane na inayokwenda mbele badala ya kuiua. Kopo nalo liwe na urefu wa angalau robo tatu ya wimbi hilohilo.

Ukitaka kukokotoa mwenyewe, fanya hivi. Chukua urefu wa wimbi hewani, 122.8, uzidishe kwa wenyewe, kisha gawanya 1 kwa jibu hilo. Fanya vivyo hivyo kwa wimbi la kizingiti cha kopo lako. Toa la pili kwenye la kwanza, tafuta kipeuo cha pili, halafu gawanya 1 kwa ulichopata. Kwa kopo la milimita 83 kizingiti ni 141.6, na wimbi la ndani linatoka milimita 246. Robo yake ni 61.6, robo tatu ni 185. Kwa kopo la milimita 90, wimbi ni 204, robo ni 51, robo tatu ni 153. Kwa la milimita 73 wimbi linavuka milimita 700: kijiti kingetakiwa kukaa milimita 180 na zaidi kutoka kitakoni, na kopo liwe na zaidi ya nusu mita. Kopo refu la Pringles halina hata nusu ya hiyo. Na kwa kuwa liko kizingitini, ukihama chaneli moja tu hesabu yote inayumba, wakati kopo la 83 au 90 linahimili bendi nzima bila malalamiko.

Kopo moja la 83 lenye urefu wa sentimita 11 halifiki 185. Unganisha mawili. La kwanza libaki na kitako chake. La pili litolewe pande zote mbili. Yakutanishe mdomo kwa mdomo, uchomelee kwa risasi nukta sita hadi nane kuzunguka, au funga utepe wa bati juu ya kiungo kisha uuchomelee. Gundi haitoshi. Hata utepe wa alumini wenye gundi unaweza kuacha utando usiopitisha umeme kati ya kopo na kopo, na mwanya kwenye kiungo unakata njia ya mkondo unaokimbia kwenye ukuta wa ndani.

Kuunda

Unahitaji soketi ya kike ya aina ya N, ile yenye sahani ya mraba na matundu manne, skrubu ndogo nne na nati zake, kipande cha waya wa shaba mzito wa milimita 2 hivi (waya wa nyumba wa milimita za mraba 2.5, ule wa uzi mmoja, unafaa kabisa), na kebo fupi yenye N ya kiume upande mmoja na kichwa kinachoingia kwenye ruta yako upande mwingine.

Kosa la kwanza hutokea kabla hata ya kutoboa. Kitako cha kopo hakiko kwenye ukingo wa chini. Kimeingia ndani milimita tatu au nne, na ukipima kutoka ukingoni kwa nje umeshakosea. Ingiza kijiti kilichonyooka ndani ya kopo hadi kiguse kitako, weka alama penye mdomo, pima. Tuseme umepata milimita 214. Toa 61.6, unabaki na 152.4. Pima hiyo kutoka mdomoni kwa nje, weka alama ya kalamu, na hapo ndipo kitovu cha tundu.

Sukuma kipande cha mti ndani ya kopo ili bati lisibonyee, anza kwa tundu la milimita 3, kisha lipanue taratibu kwa tupa ya mviringo mpaka shingo ya soketi iingie bila kulegea. Halafu fanya jambo ambalo wengi hulisahau: kwangua. Makopo ya chakula yamepakwa vanishi ndani, na mengi nje pia, na vanishi haipitishi umeme. Chukua msasa, safisha duara lote ambapo sahani ya soketi itakaa hadi bati ling'ae. Antena nyingi za kopo ambazo "zilikataa tu" zilikuwa na ugonjwa huu.

Kijiti kichomelewe kwenye pini ya soketi kabla ya kuifunga kwenye kopo. Kata waya uwe na ziada, uchomelee ukiwa umenyooka, funga soketi kwa muda, kisha pima kutoka ukuta wa ndani wa kopo hadi ncha ya shaba. Iwe milimita 31 kwa jumla, ukihesabu na sehemu ya pini inayochomoza. Wapo wanaokata waya wa milimita 31 wakauchomelea juu ya pini; wanajikuta na kijiti cha 36 au zaidi, kinachofaa masafa yaliyo chini ya Wi-Fi. Risasi iwe kidogo, isifanye donge, kwa maana donge linanenepesha kijiti na kubadilisha tabia yake.

Kipima umeme cha kawaida kitakuambia mambo mawili tu: ganda la soketi na kopo vimeshikana (ohmu sifuri, au karibu), na pini ya kati haigusi kopo. Hakitakuambia kama antena imelenga masafa sahihi. Kwa hilo unahitaji kifaa kidogo cha kuchunguza antena kama NanoVNA, lakini angalia toleo: zile za kwanza za bei ya chini ziliishia gigahezi 1.5, wewe unataka inayofika 3. Uwiano wa mawimbi yanayorudi ukiwa chini ya 2 kutoka 2.41 hadi 2.47, acha mikono. Ukiona bonde la grafu limekaa kushoto, chini ya 2.4, kata nusu milimita ya ncha, upime tena. Kukata ni rahisi, kurefusha hakuna, kwa hiyo anza na 32.

Mdomo wa kopo unahitaji kifuniko cha plastiki kuzuia mvua na nyigu. Plastiki si zote sawa. Weka kifuniko ndani ya maikrowevu pamoja na glasi ya maji pembeni, washa dakika moja, kisha kiguse. Maikrowevu inatumia gigahezi 2.45, masafa yaleyale. Kikiwa baridi, kinafaa. Kikiwa cha moto, kinakula mawimbi, na kitakula yako pia. Toboa katundu kadogo sehemu ya chini ya kopo, mbali na kijiti, maji ya umande yapate pa kutokea.

Kichwa kinachodanganya

Ruta nyingi zenye antena za kufungua zina kichwa kiitwacho RP-SMA. Kinafanana na SMA kama pacha, nyuzi za skrubu ni zilezile, na vinafungana bila shida. Tofauti ni kwamba katika RP pini na tundu la katikati vimebadilishana mahali. Ukifunga kebo ya RP-SMA kwenye ruta yenye SMA ya kawaida, itafunga vizuri, itakaza vizuri, na katikati kutakuwa na tundu likitazamana na tundu. Redio inaona pengo, wewe unaona ishara dhaifu, na lawama zote zinakwenda kwa kopo. Kinyume chake, kebo ya SMA ya kawaida kwenye ruta ya RP-SMA, ni kibaya zaidi: pini kwa pini, ukikaza unavunja. Mkanganyiko huu haukuja kwa bahati. Kanuni za Marekani zilidai vifaa hivi viwe na viungio visivyo vya kawaida ili mnunuzi asibandike antena yoyote anayoitaka. Viwanda vikageuza pini, na muda si mrefu viungio vilivyogeuzwa vikawa vinauzwa kila kona.

Halafu urefu wa kebo. Kebo nyembamba ya RG-174 inapoteza desibeli 2 hivi kwa kila mita kwenye masafa haya. RG-58 inapoteza kama 1. Ile nene ya LMR-400 inapoteza 0.22. Kila desibeli 3 ni nusu ya nguvu. Sasa kopo lenyewe linaongeza nini? Zamani watu waliandika 12, hata 15, wakiwa wamesoma vijistari vya ishara kwenye kompyuta. Ukikokotoa kwa ukubwa wa mdomo wa kopo la milimita 83, huwezi kutegemea zaidi ya 6 hadi 8. Tuseme 7. Ukilifunga kwa mita 3 za RG-174, umeshapoteza 6, umebaki na 1. Antena nyeusi iliyokuja na ruta inatoa 2 hivi. Umefanya kazi siku nzima, umerudi nyuma.

Ndiyo maana kebo isizidi nusu mita. Ikibidi ruta ikae nje kwenye boksi lisilopitisha maji, ikae nje, umeme uipelekee kwa waya wa mtandao. Waya wa mtandao hauli ishara ya redio.

Karai na dishi

Jibu zuri zaidi kwa ulaji huo wa kebo lilitoka New Zealand miaka michache baadaye. Stan Swan, mwalimu wa Chuo Kikuu cha Massey, aliachana na kebo ya redio kabisa. Alichukua kidude cha Wi-Fi cha USB, kile kidogo kama kidole, akakiweka mbele ya chujio la waya la Kichina la kuopolea vyakula kwenye mafuta, kisha akarefusha waya wa USB hadi kwenye kompyuta. Redio yenyewe ndiyo iko mbele ya dishi. Kinachosafiri kwenye waya ni data. Waya wa USB usio na kikuza ishara una kikomo cha mita 5, na mita 5 zinatosha kufika dirishani au juu ya paa dogo.

Hii inafanyika na karai la kawaida, na matundu si tatizo mradi yawe madogo kuliko sehemu moja ya kumi ya wimbi, yaani milimita 12. Mawimbi yanaliona chujio kama ukuta. Kilicho muhimu ni kujua kidude kikae wapi. Pima upana wa karai mdomoni na kina chake katikati. Zidisha upana kwa wenyewe, gawanya kwa kina mara 16. Karai la upana wa sentimita 36 na kina cha 9 linatoa 1296 gawanya kwa 144, sawa na sentimita 9 kutoka kitako.

Ila karai ni kipande cha tufe, halikuchongwa kama dishi la satelaiti, kwa hiyo mawimbi hayakutani kwenye nukta moja. Yanayogonga katikati yanakusanyika mbele kidogo, sentimita 11 hivi, na yanayogonga karibu na ukingo yanakusanyika nyuma yake. Funga kidude kwenye kijiti cha mti au cha plastiki, usitumie chuma, kisha kisogeze nusu sentimita kwa nusu sentimita kati ya 8 na 12 huku ukisoma ishara kwa desibeli, si kwa vijistari. Kila ukisogeza, toa mkono wako pembeni kabla ya kusoma. Mkono umejaa maji na unabadilisha namba.

Kopo nalo linapata kazi yake halisi hapa. Mwanga wake unatandaa, ni mpana mno kwa kulenga mbali lakini unatosha kumulika dishi. Madishi ya televisheni yamejaa juu ya mapaa kuanzia Mombasa hadi Kigoma, mengine yana kutu na hayana mwenyewe. Toa kile kichwa cha mbele, weka kopo mahali pake, mdomo ukitazama dishi, si mbingu. Dishi la sentimita 60 likimulikwa vizuri linakaribia desibeli 20. Kumbuka tu kwamba madishi haya yametengenezwa kwa kichwa kilichokaa chini, pembeni ya njia. Dishi likionekana limesimama wima kabisa, kwa kweli linatazama juu nyuzi 20 na zaidi. Kulenga upeo wa macho lazima uliinamishe kama linalosoma kitu chini, na wapita njia watadhani limeanguka.

Umbali

Kati ya nukta mbili zilizoachana kilomita 1, ishara ya Wi-Fi inapoteza desibeli 100 njiani. Kilomita 5 inapoteza 114. Tuseme redio inatoa miliwati 100, ambazo ni 20 kwa kipimo cha dBm. Weka kopo moja la 7 kila upande, toa 1 ya kebo kila upande. Kwa kilomita 1 unapokea -68, kiasi cha kutosha kabisa. Kwa kilomita 5 unapokea -82, ambapo redio nyingi zinabaki na kasi za chini tu, tena za wasiwasi. Badilisha makopo kwa madishi ya 20 na kilomita 5 zilezile zinakuletea -56. Ila dishi likishafungwa, punguza nguvu ya redio kwenye mipangilio. Ulaya, kwa mfano, kikomo cha bendi hii ni miliwati 100 ukijumlisha na ongezeko la antena, si za redio peke yake; kwa hapa kwetu soma masharti ya TCRA ya Tanzania au ya Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya kabla ya kupanda juu ya paa.

Kuonana kwa macho pia hakutoshi. Ishara inasafiri kwenye umbo la yai refu kati ya antena mbili, na kwa kilomita 1 nusu ya unene wa yai hilo katikati ni mita 5.5. Angalau asilimia 60 yake iwe wazi, sawa na mita 3.3 juu ya kizuizi chochote. Mwembe unaouona chini kidogo ya mstari wako umeshaingia ndani. Majani mabichi ni maji, na majani yaliyolowa ni maji zaidi, ndiyo maana kuna viungo vinavyofanya kazi kiangazi na kuzimika masika.

Lingine linalowachanganya watu: ishara nzuri, kasi mbovu. Wi-Fi ikituma kifurushi cha data inasubiri jibu kwa muda mfupi sana, mikrosekunde chache, kwa kuwa iliundwa kwa ajili ya ofisi. Redio inasafiri mita 300 kwa mikrosekunde moja. Kilomita 5 kwenda na kurudi ni mikrosekunde 33. Jibu likichelewa kuliko subira ya ruta, inadhani kifurushi kimepotea, inakituma tena, na tena. Kwenye OpenWrt, programu huria ya kuendeshea ruta, kuna sehemu ya kuandika umbali kwa mita. Andika umbali halisi na uongeze kidogo, pande zote mbili. Ukisahau upande mmoja, upande huo utaendelea kurudia.

Kikomo hicho cha subira ndicho Ermanno Pietrosemoli na wenzake walichopambana nacho Venezuela. Aprili 2006 waliunganisha milima miwili iliyoachana kilomita 279 kwa ruta za Linksys WRT54G na madishi makubwa ya satelaiti yaliyokwishatumika. Ishara ilifika, data ikapita kwa kujikongoja, kilobiti 65 hivi kwa sekunde. Mwaka 2007 walifika kilomita 382, na safari hii watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley walikuwa wamebadilisha programu ya redio: badala ya kila kifurushi kusubiri jibu lake, pande mbili zikapewa zamu za muda. Wakapata megabiti 3 kila upande, kwa masafa yaleyale ya kopo la mchuzi.

Wakati wa kulenga, kopo au dishi, anza na mwelekeo wa wimbi. Kijiti cha shaba kikisimama wima upande mmoja na kulala upande mwingine, unaweza kupoteza desibeli 20 bila kitu chochote kuharibika. Wote wima, au wote mlalo. Mlalo husaidia penye mitandao mingi ya majirani, kwa sababu antena za ruta zao mara nyingi zimesimama. Kisha mmoja asimame bila kugusa kitu, mwingine azungushe nyuzi tano, ahesabu hadi kumi, asome, azungushe tena, mpaka apite kilele na kuona ishara ikishuka pande zote mbili. Funga katikati ya mishuko hiyo miwili, si pale namba ilipoonekana kubwa mara moja. Kaza nati, soma tena baada ya kukaza, kwa sababu kukaza kwenyewe husogeza.